Mwisho Nilioushona Bila Kuusoma

Wiki ya kwanza ya pensheni niliimaliza bila kuvuka barabara. Mke wangu, Mama Feza, ambaye ni mshonaji na huona kila kitu juu ya miwani yake, aliniuliza siku ya saba:

"Tata Kazadi, leo ulifika mupaka wapi?"

"Mupaka ku mulango."

"Mulango ya barabara?"

"Ya kuku."

Basi msidhani naandika haya kwa kuwa nimechoka kukaa nyumbani. Kukaa nyumbani ndiyo kazi niliyoitaka tangu utoto. Ile nyingine niliifanya nikiingoja hii. Naandika kwa sababu ya Sifa, binti anayekalia sasa kiti changu katika maktaba ya shule yetu hapa Dilala. Aliniomba niwaandikie yeye na wenzake, watunza vitabu wa shule nyingine za Kolwezi, yale ninayoyajua. Nilimjibu kwamba ninayoyajua yanatosha nyuma ya bahasha. Akaniletea daftari la kurasa mia mbili. Ndivyo vijana wa siku hizi wanavyojibu wazee.

Nitaandika Kiswahili cha kitabu kadiri diploma yangu ya sekondari inavyoruhusu. Lakini watu wangu nitawaacha waseme chetu cha Katanga. Nikiwasahihisha watakuja kunigombeza, na kunipata si shida.

Kuhusu kupandishwa cheo sina la kusema. Kilichopanda ni kiti changu, siku fundi alipokitia miguu mipya.

Kazi ya maktaba niliichagua kwa sababu moja tu: ilikuwa karibu. Nyumba yetu ni moja ya zile za matofali ambazo kampuni ya zamani ya mgodi iliwajengea wafanyakazi wake, na shule iko ng'ambo ya barabara. Nilikuwa natoka na kikombe cha chai mkononi, na nilipofungua maktaba chai bado inachoma ulimi. Chumba chenyewe zamani kampuni iliwekea buti za wachimbaji, na mvua ikinyesha hata leo kinanuka mpira. Ufunguo wake ulikuwa wa shaba, mzito, mweusi kama sufuria upande wa chini.

Huo ufunguo nilikabidhiwa na Tata Ilunga, mzee aliyenifundisha kazi. Siku ya kwanza hakunionyesha kitabu hata kimoja. Alinionyesha sufuria. Ndani yake alipika gundi: unga wa muhindi, huu huu wa bukari, ugali wetu, maji mengi, koroga mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, halafu pilipili ya kutosha kumliza mtu.

"Pilipili ya nini, Tata?"

"Ya mende. Mende banapenda bitabu kupita weye."

Siku ya pili nilipika mwenyewe nikasahau pilipili. Kufikia Ijumaa mende walikuwa wamesoma kamusi mpaka herufi D.

Uzi hatukununua. Tuliufumua kwenye midomo ya mifuko ya unga. Ukivuta ncha ya kweli, uzi wote unatoka kwa mkupuo mmoja kama habari mbaya. Ukivuta ncha ya uongo, unakaa hapo saa nzima unasema maneno ambayo maktaba haikujengewa. Sindano ilikuwa ya kushonea mifuko. Tata Ilunga alishona vitabu vilivyochanika kwa utulivu kiasi kwamba ungedhani anamfunga mtoto kidonda.

Alinifundisha pia kusoma vumbi. Hapa kwetu vumbi jekundu la barabara ya malori linaingia hata ndani ya yai. Kitabu kikikaa rafuni mwezi mmoja kinageuka rangi. Ukiona vumbi lenye alama za vidole, hicho kitabu kina ndugu. Ukiona vumbi laini, ni yatima.

Na sheria yake kubwa, naomba muiandike mahali mnapoiona kila asubuhi: kitabu kinapoingia, kabla ya muhuri, kipitie ukurasa kwa ukurasa mpaka wa mwisho.

"Usiamini jalada," alisema. "Jalada ni shati tu. Ata mwizi anaweza kuvaa shati ya kasisi."

Nilimwitikia. Nikaifuata sheria hiyo miaka mingi, isipokuwa mara moja. Mzee alipostaafu alirudi kwao upande wa Musumba, ambako barabara ni mbaya hata barua zinafika zimechoka. Nilifurahi kwamba hakuwepo siku ya hiyo mara moja.

Sasa nije kwenye mwaka wenyewe. Prefe, ndiye mkuu wa shule, mtu mrefu aliyependa kuingia bila kubisha, aliingia akatazama rafu, akatazama wanafunzi watatu. Wawili walikuwa wamelala. Wa tatu alikuwa anangoja mvua ipite.

"Tata Kazadi," akasema, "kamati ya bazazi inataka hii chumba. Tutaweka kompyuta."

"Kompyuta ziko wapi, Prefe?"

"Zitakuya. Chumba inapaswa kuwa tayari."

Kamati ya wazazi ingekata shauri siku ya kutangaza matokeo, mwisho wa muhula. Vitabu vingetiwa ndani ya mifuko na kupelekwa depo, pamoja na madawati mabovu. Mimi ningepelekwa shule yetu nyingine, Fungurume, mji wa mgodi mkubwa na malori. Niliwaza Fungurume usiku na mchana. Sina neno na watu wa Fungurume. Ila kutoka kwangu hadi huko chai inapoa.

Lakini nikiacha mzaha, kilichoniuma ni mifuko. Nilijua kitabu kikiingia kwenye mfuko hakitoki. Mfuko ukishonwa mdomo, nani atavuta ule uzi?

Wiki hiyo hiyo mwalimu mmoja wa Kifaransa alihama, akaniachia katoni ya sabuni iliyojaa vitabu. Ndani yake kulikuwa na riwaya moja ya upelelezi ya vijana, nakala moja tu, jalada jeusi lenye picha ya ufunguo. Ilikuwa kwa Kifaransa, na jina lake kwa Kiswahili ni *Ufunguo wa Nyumba ya Pampu*.

Kama una mtoto wa miaka kumi na minne anayesema kusoma ni adhabu, mtafutie hicho. Ni habari ya Aline, msichana wa miaka kumi na mitano katika mji wa ziwani. Mwalimu wa sayansi anakutwa amekufa, damu kichwani, ndani ya nyumba ya pampu ya maji ya shule. Kaka yake Aline, Dani, ndiye mlinzi wa pampu, na ndiye mwenye ufunguo. Basi wanamkamata yeye. Siku tano tu, halafu watampeleka gereza la mbali. Aline anatafuta muuaji kwa siku hizo tano. Si mjanja kupita umri wake: anakosea, anaogopa, analia chooni, anarudi tena kazini. Wanaoshukiwa ni wawili hasa. Kuna ekonome, yule mtunza fedha wa shule, mkali, mwenye viatu vya matope, aliyedanganya alikuwa wapi siku ile. Na kuna mtu mmoja mpole anayemsaidia Aline kutafuta, Tomasi, mtunza maabara, ambaye kila mara ana biskuti mfukoni. Kila sura inaishia kwenye mlango unaotaka kufunguliwa.

Nilianza kukisoma saa nne ya asubuhi, jua likiwaka, watoto wakipiga kelele uwanjani. Nilipofika sura ya tano dirisha lilijibamiza kwa upepo. Mwanafunzi aliyeingia wakati huo alinikuta chini ya meza.

"Tata, unatafuta nini?"

"Kifutio," nikasema.

Hapo nikakifunga. Kusema kweli nilikuwa na woga. Lakini kwa watu nilitoa sababu nyingine, na hiyo nayo ilikuwa na ukweli wake. Riwaya ya upelelezi iliyotangulia iliuawa na mtu mmoja, ambaye sijamjua hadi leo, aliyeandika kwa biki kwenye ukurasa wa kwanza: "Daktari njo aliua. Musijichokeshe." Tangu siku hiyo haikuazimwa tena. Nikaapa hii ya pili haitakufa hivyo. Nikachukua sindano na uzi wa mfuko wa unga, nikashika sura ya mwisho, nikageuza uso nisione hata neno moja, nikaishona pande zote tatu kama mto wa kulalia. Mama Feza alikagua mishono akasema imenyooka kuliko ndoa za watu wengi. Nilijiona fundi. Tata Ilunga angeuliza swali moja tu: umeipitia ukurasa kwa ukurasa?

Kwa kuwa nakala ilikuwa moja, niliweka mabenchi nje. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, sura moja kila siku wakati wa mapumziko. Wanasoma Kifaransa, wanabishana Kiswahili. Siku ya kwanza walikuja saba. Walipofika ile sehemu Aline anajificha ndani ya tangi la maji na mtu anapanda ngazi polepole, mabenchi hayakutosha, na wenye taksimoto wa langoni walikuwa wamezima injini za pikipiki zao ili wasikie. Abiria mmoja, mama mwenye kapu la samaki, alipiga kelele:

"Weye! Unanipeleka soko ao hapana?"

"Mama, ngoja. Mutoto iko mu tangi."

"Mutoto gani?"

Akaelezwa. Naye akashuka.

Aliyekuwa akisoma vizuri kuliko wote ni Mujinga, jina la Kiluba wala si tusi, msichana wa mwaka wa pili, mdogo wa mwili, mbishi wa kuzaliwa. Baba yake alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusafishia shaba. Wengine walipotoka kwenda kucheza, yeye alibaki akirudi kurasa za nyuma, kidole kwenye mstari, kama mtu anayetafuta jiwe kwenye mchele. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Kabwe, kijana mwenye sauti, kiongozi wa wale waliosema ekonome ndiye muuaji. Karibu shule nzima ilikuwa upande wa Kabwe. Mama Feza pia, aliyekuwa akisikiliza kutoka kwetu kwa kupitia uzio na kujidai anaanika nguo.

Mstari wa mwisho kabla ya mishono yangu ulisema hivi: Aline alisukuma mlango wa nyumba ya pampu, na mtu aliyekuwa amekaa gizani akasema, nilikuwa nakungoja.

"Kata, Tata!" wakalia wote. "Kata uzi!"

Hapo ndipo nilipofanya kosa la pili, la majivuno. Nikawaambia uzi utakatwa siku ya kutangaza matokeo, mbele ya kamati na wazazi. Kila mtu aandike kwenye karatasi nani aliua na kwa sababu gani, atie ndani ya kopo la maziwa ya unga. Niliwaza: kamati iwaone hawa watoto wakigombania mwisho wa kitabu, halafu ithubutu kuleta mifuko.

Siku ikafika. Matokeo yalitangazwa, walioanguka walilia, waliofaulu walirushiwa unga wa mandazi, na wote wakahamia mbele ya maktaba. Madirishani kulikuwa na vichwa juu ya vichwa. Mwenyekiti wa kamati, Mama Rehema, mfanyabiashara wa kusafirisha mizigo, alikaa kiti cha mbele, mtandio wake umenyooka, mkoba magotini. Prefe alisimama kando yake. Nyuma ya mlango niliiona mifuko imekwisha kuletwa, mipya, imekunjwa.

Nikakata uzi. Nikampa Mujinga kitabu asome. Nilisikia hata kuku wangu ng'ambo ya barabara.

Mujinga akafungua. Akatazama. Akafunga kidogo, akatazama jalada, akafungua tena.

"Soma, mutoto," akasema Mama Rehema.

Mujinga akasoma: "Sura ya nne. Magonjwa ya kuku wa mayai."

Hakuna aliyecheka mara moja. Akaendelea ukurasa wa pili, kama mtu anayetumaini muuaji atatokea nyuma ya banda. Kulikuwa na kuharisha kweupe. Kulikuwa na mchoro wa kinyesi. Mtambo uliochapa kitabu, popote ulipokuwa, ulikuwa umebandika kurasa kumi na sita za kitabu kingine mahali pa sura ya mwisho. Na mimi, ambaye kazi yangu yote ilikuwa kufungua kurasa, nilikuwa nimezishona kwa mishono iliyonyooka.

"Kumbe," akasema Prefe taratibu, "njo kuku aliua."

Hapo walicheka hadi wenye taksimoto. Nilitamani meza yangu ya sura ya tano. Prefe aliinama kwa Mama Rehema, na niliona mkono wake ukielekea upande wa mifuko.

"Tata Kazadi," Mama Rehema akaniuliza, naye hacheki, "haukusoma mwisho?"

"Hapana, Mama."

"Juu ya nini?"

Ningeweza kusema niliuheshimu mwisho. Nikasema, "Niliogopa."

Kicheko kingine. Lakini Mujinga hakuwa ameketi. Alikuwa amekumbatia kitabu kifuani.

"Mama Prezida," akasema, "mwisho haiko, lakini mambo yote iko. Aliyeua iko mule ndani. Mi naweza kumuonyesha."

"Ekonome!" akapaza sauti Kabwe.

"Apana. Tomasi."

Ungesikia! Walimzomea kama amemtukana bibi ya mtu. Tomasi mwenye biskuti! Mama mmoja nyuma alisema, "Uyu mutoto hana roho." Mujinga akangoja wachoke. Halafu akafungua sura ya pili akasoma: ufunguo wa nyumba ya pampu, siku kabla ya kifo, unaning'inia kwenye msumari wa mlangoni kwa Dani, wa shaba, mweusi kwa uzee. Akafungua sura ya tisa akasoma: Aline anaukuta ufunguo ule ule kwenye msumari ule ule, unang'aa kama pete.

"Ni maneno ya kupamba tu!" akasema Kabwe. "Baandikaji bote banapamba."

"Weye uko mwana wa Kolwezi na unasema vile? Shaba nyeusi inang'aa yenyewe? Tata, unipe ufunguo yako."

Nikaufungua kwenye mkanda wangu nikampa. Mweusi, mzito, miaka yote hiyo.

"Nani iko na ndimu?"

Watu wakapekua vikapu. Mama Rehema, ambaye hapandi gari kwenda Fungurume bila ndimu ya kunusa dhidi ya kichefuchefu, akafungua mkoba wake polepole akatoa moja. Chumvi ilitoka kwa mama anayeuza mayai ya kuchemsha langoni. Alisukuma watu kuileta mwenyewe. Mujinga akakata ndimu, akatia chumvi, akasugua ufunguo nusu yake tu. Alisugua. Tulingoja. Maji meusi yakamtiririka mkononi. Akafuta kwa sketi yake, akainua juu.

Nusu nyeusi. Nusu inang'aa kama pete.

"Njo ile," akasema. "Asidi. Muuaji alisafisha damu na kitu yenye iko karibu naye. Mu ile shule asidi iko mu laboratware, na laboratware ni ya Tomasi."

Maabara! Watu wa mabenchi wakageukiana. Lakini Kabwe, nimsifu, hakuwa mpumbavu. Aliinua kidole.

"Ndimu nayo ni asidi. Unatoka kutuonyesha weye mwenyewe. Ekonome anaweza kuwa na ndimu mu jiko yake!"

Watu wakapumua. Kweli! Mama Rehema mwenyewe aligeuka kumtazama Mujinga, ameegemea mbele, mkoba umeanguka na hajui. Mama yule wa kapu la samaki alisema, "Alimupata."

Mujinga akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Akafungua sura ya sita, wala hakutafuta, ukurasa ulijifungua wenyewe kwa kuzoea kidole chake. Akasoma: Dani ana homa kizuizini, Aline anazunguka mji mzima kumtafutia ndimu, hapati hata moja, kwa kuwa mvua imekata barabara na soko ni tupu.

"Ndimu haiko mu muji muzima," akasema. "Ata kwa ekonome."

Sijui nieleze vipi kelele iliyofuata. Niseme tu kwamba kuku wangu hawakutaga siku mbili. Kabwe alikaa chini, akashika kichwa, kisha akasimama akampigia makofi. Mama wa mayai alilia, akisema tangu mwanzo biskuti zile zilimtia wasiwasi, jambo ambalo si kweli. Prefe alitaka kusema neno, Mama Rehema akamzuia kwa kiganja.

"Prefe, kompyuta ziko wapi?"

"Zitakuya, Mama."

"Zikikuya, zitatafuta fasi yao. Hii chumba haifungwe. Na hii mifuko murudishe." Akageukia kwangu. "Na weye, Tata Kazadi, soma bitabu mupaka mwisho. Ata kama unaogopa. Umushike mutu mukono."

Mifuko ilirudishwa. Nilibaki na uzi wa mmoja, kwa ukumbusho na kwa matumizi. Kompyuta bado ziko njiani.

Likizo ile Mujinga aliandika sura ya mwisho kwa mkono, kurasa kumi na mbili, na nikaishona ndani na kuifunga pande tatu, safari hii baada ya kuisoma, Mama Feza akinishika mkono. Zile kurasa za kuku niliziacha nyuma yake, ushahidi wa dhambi yangu. Zikapata wasomaji wao. Mama Rehema alituma mtu azinakili kwa ajili ya kuku wake, kisha akaja mwenyewe siku ya pili amekasirika: ukurasa wa kumi na sita unakatika mahali unaposema "dawa yake ni". Basi hata kuku hawakuwa na mwisho.

Miaka ikapita juu ya benchi lile. Kila mwaka watoto wapya, kila mwaka kambi ya ekonome ikaanza kubwa, kila mwaka ndimu. Ufunguo wa maktaba ukabaki nusu nyeusi nusu inayong'aa. Tunasugua ile ile nusu, na ile nyingine tunaiacha ili wanaokuja waone tofauti. Sifa, hilo lishike: usinogewe ukasugua yote.

Ila swali moja halikuisha. Mujinga alikuwa amemkamata mtu sawasawa, au tulikuwa tumemfunga maskini Tomasi bure? Mwandishi alisema nini? Hakuna aliyejua Kolwezi nzima.

Mwezi uliopita, siku ya tisa ya pensheni yangu, kifurushi kilifika kwa lori la Mama Rehema kutoka Lubumbashi. Mujinga anasomesha kemia huko sasa. Ndani kulikuwa na *Ufunguo wa Nyumba ya Pampu*, nakala kuukuu, jalada limepauka. Sura ya mwisho ilikuwa imeshonwa pande tatu, kwa uzi wa mfuko wa unga, mishono imepinda. Na barua fupi:

"Tata, nilikipata kwa muuza vitabu wa kando ya barabara. Sikusoma. Nilimwomba muuzaji aangalie kama mwishoni hamna kuku, akanitazama kama mwendawazimu, lakini aliangalia. Nimeshona nikiwa nimegeuza uso, kama wewe. Kata wewe kwanza, halafu unipigie."

Nilichukua wembe. Mama Feza alikuwa ng'ambo ya meza, pini mdomoni.

"Njo ekonome," akasema.

"Mama Feza, ile siku ulikuwa kwenye uzio. Uliona ndimu."

"Niliona. Njo ekonome."

Nikakata. Nikasoma nimesimama, wembe bado mkononi. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho kabisa, na jina la mchapaji, na nyuma ya jalada. Kisha nikapiga simu.

"Allo, Tata?"

"Mujinga."

"Muko kuku?"

"Hamuna kuku."

Nilimsikia anasogeza kiti. Nyuma yake kulikuwa na kelele za chumba cha walimu.

"Alors? Njo nani?"

"Ukurasa wa tatu kutoka mwisho," nikasema, "mwandishi anaturudisha siku ya mauaji. Kuna meza ya maabara. Juu ya meza kuna beseni la asidi. Ndani ya beseni kuna ufunguo."

Mwalimu wa kemia, mtu mzima, mwenye wanafunzi wanaomwogopa, alipiga kelele hadi Mama Feza akaisikia ng'ambo ya meza. "Nilisema! Nilisema! Nilisema!" Alikuwa na miaka kumi na minne tena, na mkono unatiririka maji meusi. Nikajipangusa uso. Nilikuwa na vumbi machoni. Kolwezi ni vumbi.

Mama Feza akatoa pini mdomoni.

"Basi," akasema, "ule mwandikaji alikosa."

Nikavaa viatu. Nikavuka barabara, kitabu kwapani, kama mtu anayepeleka kombe uwanjani. Watoto walikuwa kwenye benchi na kile kitabu cha zamani. Wako sura ya nne. Kijana mmoja mnene, wa kambi ya ekonome bila shaka, akaniona.

"Tata Kazadi! Banasema weye njo unajua. Njo nani aliua?"

Benchi zima likageuka. Jina lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, tamu kuliko biskuti za Tomasi. Nilikuwa nimevuka barabara kwa ajili ya hilo neno moja. Nikalimeza.

"Mi?" nikasema. "Mi niko mutu ya kuogopa. Nilifika sura ya tano tu."

Kisha nikaingia ndani, nikamwomba Sifa sindano na uzi wa mfuko.